Kwenda Kuhesabiwa Namasaka

Mke wa ndugu yangu alishikwa na uchungu Jumamosi alfajiri, kabla hatujatoka Riruta, pembeni mwa Nairobi, na hakumwambia mtu. Mimi niligundua tukiwa tayari mjini, basi linanguruma, watu wote wa kwetu wameketi na mizigo yao magotini. Mpaka leo nikikumbuka nashikwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Ilikuwa Agosti 1969, siku za kuhesabiwa watu nchi nzima. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kila mtu atahesabiwa mahali atakapolala usiku wa Jumapili. Watu wa Nairobi walilisikia tangazo hilo wakaendelea na kazi zao. Sisi watu wa Namasaka tulilisikia tukakodi basi.

Niseme kwanza Namasaka ni wapi, maana kwenye ramani huioni. Ni soko huko kwetu magharibi: mistari miwili ya maduka, kinu cha kusagia mahindi, kanisa, shule, na mto kwa nyuma. Hospitali hakuna. Mgonjwa akizidiwa hubebwa kwa machela mpaka hospitali ya wilaya, na huo mto mvua ikinyesha haukupi nafasi ya kuvuka. Mdogo wetu Rael alifia kwenye njia hiyo, mtoto amekwama tumboni. Mimi nilikuwa nimemshika kichwa, na Shem ndugu yangu alikuwa mbele amebeba machela. Tulimzika na mtoto wake ndani, na tangu siku ile mimi na Shem tulitaka kitu kimoja tu duniani: hospitali Namasaka.

Shem alikuwa tarishi katika ofisi moja katikati ya jiji. Ukutani kwa mkubwa wake kulikuwa na chati ya miji ya Kenya, imepangwa kwa wingi wa watu, na Shem aliikariri kama watoto wa Sunday School wanavyokariri vitabu vya Biblia. Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kisumu, Eldoret, Thika, Nanyuki, Kitale. Ungemwamsha usingizini angekutajia yote bila kukosea. Mkubwa wake alimweleza kwamba mahali pasipofikia watu elfu mbili hapaitwi mji, na hapaandikwi kwenye chati. Maneno hayo yalimkaa rohoni.

"Dada," aliniambia jioni moja, "unajua sisi hatuko? Mtu anaweza kufa pale na serikali haijui kama kuna mahali inaitwa hivyo."

Basi mzee Lazarus, mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Namasaka wanaoishi Dagoretti, akarudi kutoka nyumbani na habari. Chifu alikuwa amekisia watu wanaolala pale sokoni, akaona wamepungua elfu mbili kidogo tu, kama basi moja la watu hivi. Wakifika, Namasaka itaingia katika miji ya Kenya, na mji haukosi hospitali. Nani aliyesema mji haukosi hospitali, mimi sijui. Sisi tulilishika kama Injili. Nilitembea mwenyewe Waithaka yote na Mutuini, mitaa ya jirani, nyumba kwa nyumba, nikiwaambia watu wetu waombe ruhusa kazini. Cherehani yangu ilikaa wiki nzima imefunikwa kitambaa.

Aliyetupinga ni mmoja tu, mwenye ploti wetu, Waceke, mama yake Kihara. Yeye alizaliwa palepale Riruta, na miaka michache nyuma alilala mtu wa shamba akaamka mtu wa jiji, mpaka wa Nairobi umesogezwa ukampita.

"Juzi hapa ilikuwa shamba ya baba yangu," alinifokea akiwa kwenye kisima chake, "sasa wanasema ni City. Siti gani haina stima? Watu ya kuhesabu wakikuja wapate ploti yangu iko tupu, watasema Riruta hakuna watu, na stima haitakuja mpaka nife. Nyinyi munakunywa maji yangu, halafu munaenda kuhesabiwa kwenu?"

"Mama Kihara, usikasirike. Kwetu ni kwetu."

"Kwenu ni mahali unakojoa kila siku," alisema, akaondoka na debe lake. Waceke na mimi tulikuwa marafiki, ndiyo sababu tuliweza kutukanana hivyo.

Nakhumicha, mke wa Shem, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kliniki walikuwa wamemwambia atajifungua mwishoni mwa Septemba. Mimi nilimwambia Shem waziwazi amwache huyu mtoto wa watu kwa Waceke, safari ya saa kumi kwenye mashimo yale si ya mwenye mimba. Shem akakataa. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia safari. Mke wake akibaki, wake wa wengine watabaki, na wake wakibaki waume nao watapata visababu. Alisema hayo kwa sauti ya chini, mbele ya Nakhumicha, na Nakhumicha akaitikia kwamba ataenda. Alikuwa msichana wa kuitikia. Shem akisema kumekucha, yeye anatafuta ufagio.

Na watu wetu nao, Mungu awasamehe, walikuwa wamelifurahia lile tumbo kupita kiasi. Mzee Lazarus alikuwa akilitazama mkutanoni anachekacheka. "Huyu Mungu akitusaidia azaliwe Jumapili mchana. Mama aende mmoja, alale wawili!" Wanawake walikuwa wakilipapasa wakipita na kuliambia liharakishe. Nilidhani ni mzaha.

Jumamosi tulipanda basi la asubuhi kutoka Riruta, tukashuka barabara ya Haile Selassie, tukatembea mpaka stendi ya mabasi ya bara karibu na Soko la Wakulima. Njiani Nakhumicha alisimama mara mbili, akashika nguzo, akasema kiatu kinambana. Mara ya pili nilitazama kile kiatu. Kilikuwa ndala.

Ndani ya basi alikaa karibu na dirisha, mimi nikakaa kando yake. Shem alikuwa anapanda na kushuka, anapanga watu, shati limemlowa mgongoni. Sijawahi kumwona na furaha namna ile tangu tumzike Rael. Alinipita akanigusa bega. "Dada, viti vimejaa! Vimejaa vyote!" Tanboi alikuwa juu ya paa anafunga magunia, na basi lingine nyuma yetu lilikuwa linapiga honi tuondoke.

Hapo ndipo nikaona mikono ya Nakhumicha. Ameshika chuma cha kiti cha mbele, vidole vimekuwa vyeupe, na jasho linamtoka juu ya mdomo ilhali asubuhi ilikuwa na baridi ya Agosti. Nikapitisha mkono chini ya leso yake. Kiti kilikuwa chapachapa. Chupa ilikuwa imepasuka.

"Tangu saa ngapi?" nikamnong'oneza.

"Tangu alfajiri. Usiseme, wifi."

"Usiseme nini? Wewe una wazimu?"

"Itapoa. Mama yangu alinizaa siku mbili. Tutafika." Akafumba macho, akapumua kwa meno, uchungu ukaja ukaenda. "Shem amengoja siku hii. Tafadhali."

"Mficha uchi hazai," nikamwambia, na wakati huu sikunong'ona. Nikasimama. "Dereva! Zima hii basi! Zima! Huyu mwanamke anazaa!"

Wallahi, wakapiga vigelegele. Mwanamke mmoja wa nyuma akaanza wimbo wa kupokea mtoto. Nilitazama nyuso zile, watu niliokuwa nimewabishia hodi mwenyewe, nikaona kwamba hawakuona mtu anayeumwa. Waliona kichwa cha ziada.

"Kuna wanawake hapa wanajua kuzalisha," alisema mzee Lazarus kutoka kiti cha mbele, ametulia kabisa. "Mimi mwenyewe nilizaliwa njiani. Dereva, twende. Mtoto azaliwe Nakuru, azaliwe Eldoret, bora alale Namasaka."

"Hendi mahali," nikasema. "Nakhumicha, inuka."

Shem alikuwa amesimama kwenye njia ya katikati, kipande cha chaki mkononi. Alikuwa akiweka alama kwenye viti. Furaha ilikuwa imemtoka usoni, na hakuna kitu kingine kilichoingia mahali pake.

"Dada, nikishuka mimi, hii basi haifiki. Unawajua hawa watu. Watashukia Nakuru kunywa, watashukia Eldoret kwa ma-shemeji. Nani atawashika?"

"Sijakuambia ushuke. Nimekuambia mke wetu anashuka."

"Sista wa kliniki alisema Septemba."

"Sista hayuko hapa! Shika hii kiti uone kama ni Septemba!"

Hakukishika. Aliinama akamtazama mkewe, akamwuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma zaidi: "Unaweza kukaa?"

Na yule mjinga wa mapenzi akamjibu, "Naweza."

"Umesikia," Shem akaniambia.

Nikamsogelea ndugu yangu mpaka pua zetu zikakaribiana. "Rael alikufa tukimpeleka hospitali. Tulibeba, tukakimbia, hatukufika. Wewe una hospitali hapa, unaweza kwenda hata kwa miguu, halafu unamtoa mtu hospitalini unampeleka njiani? Kwa sababu ya hospitali?"

Nilidhani hayo yangemwangusha. Akamtazama mzee Lazarus. Basi la nyuma likapiga honi tena, ndefu. Nakhumicha akatoa sauti ya kwanza, ndogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole, akakunjika juu ya magoti yake.

Nikamwinua kwa makwapa. Mwanamke aliyekaa nyuma yetu akashika leso ya Nakhumicha asiondoke, nikampiga mkono. Tukafika mlangoni, na mlangoni tukamkuta mzee Lazarus, ameinuka kwenye kiti chake, amesimama kwenye ngazi na bakora yake imezuia njia.

"Peres, binti yangu, usiharibu kazi ya watu. Hawa ni wawili wa hesabu. Mkataa kwao mtumwa."

"Mzee, nakuheshimu kama baba. Toka mlangoni."

"Sitoki."

Mimi sikuwa msichana wakati ule. Nilikuwa mjane, nimezaa mara tatu, na kila mtu ndani ya lile basi anajua maana yake mwanamke wa namna hiyo akivua nguo mbele ya mzee. Laana yake haioshwi na mchungaji wala ng'ombe. Nikamwegemeza Nakhumicha kwenye nguzo ya mlango, nikashika fundo la leso yangu kiunoni, nikalifungua. Leso ikaanguka miguuni. Nikashika vifungo vya gauni.

"Nahesabu vifungo, mzee. Viko vinne."

Cha kwanza kilifunguka. Wanaume wa viti vya mbele wakaanza kufunika macho na kofia zao. Cha pili kilipofunguka mzee Lazarus alipiga kelele, "Shem, mzuie dada yako!" Shem hakusogea. Cha tatu nilikuwa nakishika tu wakati yule mzee aliporuka kutoka ngazini kama kijana, akajificha nyuma ya tairi na bakora yake. Tukashuka. Niliokota leso yangu nikamfunga Nakhumicha.

Nyuma yetu nilisikia mlango ukifungwa. Basi likaondoka. Shem alikuwa ndani yake. Mzee Lazarus alilikimbilia akarukia ngazi ya nyuma, tanboi akamvuta juu.

Teksi ya kwanza ilikataa kutubeba, dereva alihofia viti vyake. Ya pili nilimfungulia mlango mwenyewe kabla hajajibu. Sitasimulia ile njia, ingawa haikuwa ndefu. Nakhumicha alikuwa ameacha kuzungumza na alikuwa ananiuma begani. Nilimwacha aume.

Hospitali walimlaza, wakampima, na nikaona manesi wakitazamana. Daktari akaja mbio. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, na mkono mmoja umetangulia. Nilijua neno hilo "mkono" kabla hawajamaliza kulisema, maana kwa Rael pia tuliuona mkono kwanza. Nikakaa sakafuni kwenye korido ya watu.

Nesi mkuu alinijia na karatasi. Kwenye kifua chake pameandikwa Mwanzia, mwanamke mnene mwenye miwani. "Lazima apasuliwe sasa hivi. Mume yuko wapi atie sahihi?"

"Yuko njiani kwenda kuhesabiwa."

Alinitazama juu ya miwani. "Kuhesabiwa wapi? Si wanahesabu kila mahali?"

"Sista, hiyo ni hadithi ndefu."

"Basi mimi siwezi kukusaidia. Ni mume au baba yake."

Baba yake alikuwa mbali kuliko hata mume. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, namsikia Nakhumicha anaita mama yake. Sikufikiri. Nilisema kile ambacho kwetu dada yeyote wa mume husema kwa utani kila siku, akimtania wifi yake amletee maji ya kuoga.

"Mimi ndiye mume."

"Nini?"

"Huyu ni mke wetu. Ng'ombe walitoka kwa baba yangu, na wawili kati yao ni wa mahari yangu mimi. Ndugu yangu hayuko. Kwa hivyo mume ni mimi. Leta hiyo karatasi."

Nilitazamia anifukuze. Sista Mwanzia alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akairudisha. "Kwetu Ukambani mwanamke anaoa mwanamke, na hakuna mtu anashangaa," alisema. "Tia sahihi hapa. Haraka." Nikatia.

Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi la mbao na mwanamume mmoja aliyekuwa anakula mkate bila kuutafuna. Nilijaribu kuomba nikashindwa, kila nilipofumba macho niliona machela. Nikaanza kufikiri namna nitakavyomwambia mama yake. Nikafikiri namna nitakavyomwambia Shem, na hapo nikagundua kwamba akifa sitamwambia Shem kitu. Ningeenda Riruta nichukue cherehani yangu na asinione tena maishani. Nilimaanisha. Niliogopa kuona jinsi nilivyomaanisha.

Kilio kikaja saa ya chakula cha mchana. Kilio kidogo cha paka. Yule mwanamume wa mkate akasimama, na mimi nikasimama, maana hatukujua ni cha nani.

"Msichana," Sista Mwanzia aliniambia. "Mzima. Mkono umevimba lakini mzima." Nikashika mikono yake nikataka kuibusu, akaitoa. "Mama bado. Ametoka damu nyingi sana. Daktari anasema ungechelewa, mpaka ufike Naivasha tu, ungekuwa unabeba maiti mbili. Kaa chini, mume."

Nakhumicha hakuzinduka siku hiyo. Nililala kwenye lile benchi. Jumapili asubuhi Waceke akaja, sijui nani alimwambia, amevaa nguo za kanisani, na chupa ya uji wa wimbi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Halafu akasema, "Huyo ndugu yako nikimuona nitamtwanga na mwiko." Akanimiminia uji, nikanywa, nikalia nao mdomoni.

Kengele za makanisa zilikuwa zimekwisha kulia Nakhumicha alipofungua macho. Aliuliza mtoto. Tukamwonyesha. Aliuliza Shem. Waceke akamrekebishia shuka, naye akafumba macho tena.

Jumatatu makarani wa hesabu walipita wodini. Kijana mmoja na penseli alisimama kwenye kitanda, akauliza maswali yake, akamwandika mama na mtoto katika watu wa Nairobi. Waceke alikuwepo, akacheka kwa sauti mpaka wagonjwa wakageuka. "Wawili wetu!" alisema. Ilikuwa mara ya kwanza Nakhumicha kutabasamu.

Shem alifika Jumanne, moja kwa moja kutoka stendi, na vumbi la barabara ya Mau Summit bado nyusini. Alisimama mlangoni mwa wodi. Alitazama kitanda, akaona mke, akaona mtoto. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali ya siku tatu, lakini kwanza nilitaka kujua.

"Mlifika?" nikauliza.

"Tulifika."

"Wakalala sokoni wote?"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani. "Mama zao walikuwa wamekuja kutupokea," alisema. "Tulikuwa tumetandika mikeka kanisani, watu wote walale hapo mpaka karani apite. Kila mmoja akasema anaenda kusalimia tu, anarudi. Mtu hajaona mama yake mwaka mzima, utamwambia nini? Mama amechinja kuku. Wakavuka mto. Jumapili jioni niliwasha taa nikangoja."

"Mzee Lazarus?"

"Alisema nyumba yake ikilala bila yeye ni mkosi."

"Kwa hivyo mlilala wangapi?"

"Mimi na dereva na tanboi."

Dereva alikuwa mtu wa Murang'a, na tanboi alikuwa mtu wa Kitui. Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, mpaka Sista Mwanzia akaja kuniambia hapa si sokoni, na neno hilo likanimaliza kabisa. Wale wote, na magunia yao, walikuwa wamehesabiwa kila mtu kwa mama yake, ng'ambo ya mto, katika vijiji visivyo kwenye chati yoyote. Na mimi ningefanya hivyohivyo. Ningevuka.

"Na mama yetu?" nikauliza nilipoweza.

"Alikuja na chakula. Nilimwambia siwezi kuvuka, nina kazi. Akauliza mkamwana wake yuko wapi." Shem alifuta uso kwa kiganja. "Nikamwambia anakuja."

Nakhumicha alikuwa akitusikiliza, mtoto kifuani. Sauti yake ilikuwa bado nyembamba, lakini ilikuwa sauti nyingine, si ile ya kuitikia.

"Basi ikitoka stendi," alimwuliza, "ulitazama nyuma?"

Ningemshukuru Mungu kama ndugu yangu angedanganya. Shem hajui kumdanganya mkewe, hiyo ndiyo shida yake. "Nilikuwa nahesabu watu," alisema.

"Ukapata wangapi?"

"Sitini na mbili."

"Pamoja na sisi?"

Alitazama sakafu, akatazama mkono wa mtoto uliokuwa bado umevimba. "Pamoja na nyinyi," alisema. "Nilikuwa nimewaweka tangu nyumbani, wewe na mtoto. Tulipofika Nakuru ndio nikakumbuka sijawatoa."

"Basi tutoe sasa," Nakhumicha akasema.

Shem alinyoosha mikono amchukue mtoto. Nakhumicha hakumpa, na mimi sikumwambia ampe. Alikaa hapo mpaka saa za kutazama wagonjwa zikaisha, kisha akainuka akaenda. Siku ya kutoka hospitali Nakhumicha aliingia na mtoto chumbani kwangu, ingawa mlango wa Shem ulikuwa mkabala na wangu na alikuwa ameuacha wazi.